Konokono Ndani ya Sikio la Rafaeli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zita alifagia uwanja, akachemsha uji wa ulezi, akamnawisha mdogo wake Rafaeli na kumfikisha darasa la awali kabla kengele haijagongwa. Kufagia hakukumsumbua. Uji nao ulijichemkia wenyewe. Rafaeli ndiye aliyemmaliza nguvu.

"Rafaeli, njoo unawe," aliita kutoka mlangoni.

Rafaeli alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya uwanja, akipanga magunzi ya mahindi kama ng'ombe zizini. Hakugeuka.

"Rafa, nakuita."

Wala hakutikisika. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, na upepo wa Malangali, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, ulipenya sweta mpaka mifupani. Zita alisimama pale na kopo la maji ya moto lililokuwa likipoa mkononi, akaona hasira inampanda. Akaenda kwa hatua ndefu, akamshika mtoto mkono kwa nyuma na kumvuta. Rafaeli akashtuka, akapiga yowe, akayumba na kuangukia magunzi yake. Kilio kikaanza.

Bibi Fransiska akachungulia kutoka jikoni. "Unamfanya nini mwenzio?"

"Nimemwita mara tatu, bibi. Anajifanya hasikii."

"Huyo katoka kuumwa. Mwite kwa upole."

Neno hilo lilimchosha Zita. Ni kweli kwamba katikati ya Aprili Rafaeli alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo, na kwa siku nne hakuna aliyejua kama angerudi nyumbani. Lakini alirudi. Homa iliisha, akaanza kula, akaanza kucheza. Wiki sita zilikuwa zimepita. Kama ni kuumwa, mbona magunzi anayapanga vizuri na sukari anaiiba bila kukosea kabati?

Tangu arudi, mtoto huyu wa miaka mitano alikuwa kama ametia pamba masikioni. Ukimwita haitiki, ukimtuma hasogei. Alikuwa akianguka ovyo hata mahali pakavu, akitembea ametanua miguu kama mtu aliye juu ya gari linalokimbia. Na zamani alikuwa msemaji sana. Sasa siku nzima alisema maneno manne au matano, tena akiyakata mwisho.

Kila mkubwa alikuwa na lake la kusema. Mama yao, Kristiana, aliyekuwa karani katika ofisi ya kata, alisema dawa za hospitali zilikuwa kali, zingetoka mwilini pole pole. Baba yao, Flavian, dereva wa lori la mahindi la kwenda mpakani Kasesya, alisema kwenye simu, "Mmemdekeza. Nikirudi tutaelewana." Hata Mwalimu Edith wa darasa la awali alikuwa amemsimamisha Zita getini. "Mwambie mama yako huyu mtoto hanisikilizi kabisa. Nikisema 'simameni', anaangalia kwanza wenzake wanafanya nini, ndipo naye anasimama. Anatufanyia makusudi."

Asubuhi ile walichelewa tena. Zita alitangulia, kila baada ya hatua chache akigeuka kuhimiza, na kila alipogeuka alimkuta Rafaeli yuko nyuma, akiyumba upande wa barabara. Mara ya mwisho alipogeuka, mtoto alikuwa katikati ya njia, ameinama kuokota kifuniko cha chupa. Nyuma yake bodaboda ilikuwa inateremka mlima na magunia mawili ya mkaa, ikipiga honi mfululizo.

"Toka barabarani," Zita alipaza sauti. "Rafa, toka."

Honi ilizidi. Mbuzi waliofungwa kando ya njia waliruka. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aligeuka. Rafaeli hakugeuka. Aliendelea kufuta vumbi kwenye kifuniko chake kwa kidole gumba, ametulia kama mtu aliye peke yake duniani.

Zita alikimbia. Alimfikia, akamkumbatia kifuani, wakaanguka wote kwenye majani ya kando. Bodaboda ilipinda, gunia moja likapasuka, mkaa ukamwagika barabarani. Dereva alishuka, hasira na hofu zimechanganyika usoni.

"We dada, mdogo wako kiziwi au vipi? Nimepiga honi tangu kule juu."

Zita aliinuka na kujikung'uta majani. Alimtazama Rafaeli, aliyekuwa anaangalia mkaa uliomwagika kwa mshangao, akijiuliza bila shaka umetoka wapi.

Siku hiyo Zita hakuelewa chochote darasani. Alasiri, bibi alipokwenda kisimani, alichukua mfuniko wa sufuria kubwa akasimama nyuma ya Rafaeli. Aliuachia ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Paka alitoka mbio. Rafaeli hakupepesa hata jicho. Akaurudia upande wa kushoto, akaurudia upande wa kulia. Alipopiga mguu sakafuni kwa nguvu karibu naye, ndipo mtoto akageuka, kwa sababu alihisi mtikisiko kwenye makalio. Akamtabasamia dada yake.

Hakuwa mkaidi. Hakuwa anasikia.

Zita alikaa chini. Kitu alichokuwa amekisukuma nyuma ya kichwa chake kwa wiki nyingi sasa kilirudi, na safari hii hakikusukumika.

Siku Rafaeli alipotolewa hospitalini, Zita ndiye aliyekwenda kumsaidia mama kubeba mizigo. Mama alikuwa mlangoni amemkumbatia mtoto, ndoo na mablanketi yakiwa chini, akitafuta usafiri. Muuguzi alitoka akampa Zita bahasha. "Unasoma darasa la ngapi? La sita? Basi wewe ni mkubwa. Mpe mama mkononi. Arudi kliniki baada ya siku kumi, asikose."

Zita alikuwa ameitikia. Lakini njiani alipiga hesabu yake. Wiki tatu baadaye kulikuwa na mchujo wa wilaya wa mashindano ya michezo ya shule za msingi, naye alikuwa mkimbiaji wa mita mia nane. Siku zote za ugonjwa wa Rafaeli hakufanya mazoezi hata mara moja, maana alikuwa analinda nyumba. Mama akirudi hospitali, yeye atarudi jikoni. Na mtoto amepona, si wanamwona? Akaitia bahasha kwenye daftari la Sayansi. Nitampa mchujo ukipita, alijiambia.

Mchujo ulipita. Zita alishika nafasi ya tano, na waliotakiwa ni watatu. Kufikia hapo zile siku kumi zilikuwa zimekwisha zamani. Kila siku aliyoiacha ipite ilifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi kusema, mpaka akaamua kutoifikiria kabisa ile bahasha.

Sasa aliitoa na kuifungua kwa mara ya kwanza. Maandishi yalikuwa machache: Mtoto arejeshwe baada ya siku kumi kwa kipimo cha usikivu. Ni muhimu. Chini ya maneno mawili ya mwisho kulikuwa na mstari uliochorwa mara mbili.

Mama aliporudi jioni, Zita alimwambia nusu ya ukweli.

"Mama, Rafa hasikii. Nimempima kwa mfuniko."

Mama alikuwa anavua viatu, uso umejaa uchovu wa watu aliowahudumia kutwa. "Ni baridi, mwanangu. Masikio yameziba."

"Si kuziba. Hasikii kabisa, hata honi hasikii."

"Nimpashie mafuta," bibi alisema. "Baba yake naye aliziba hivyo akiwa mdogo. Yalizibuka yenyewe."

Mafuta yakapashwa, yakadondoshwa sikioni. Rafaeli akalia. Kesho yake yakadondoshwa tena. Zita aliposema kwa mara ya tatu kwamba apelekwe hospitali, mama alisema wasubiri baba arudi. Baba akapigiwa simu. Alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani, nyuma yake watu wakibishana, akasema wasubiri msimu wa kusafirisha mahindi upungue. Bibi akasema watoto hawapelekwi pelekwi. Mwalimu Edith alisema atamhamishia benchi la mbele. Kila mmoja alikuwa na neno la "subiri", na kila aliposikia neno hilo Zita alitamani kupiga kichwa ukutani. Hawakuwa watu wabaya. Walimpenda Rafaeli kuliko macho yao. Walichokosa ni kitu kimoja tu cha kuwaharakisha, na kitu hicho kilikuwa ndani ya daftari lake la Sayansi.

Siku ya tatu, shule ilipofungwa saa tisa, Zita hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya kata. Mama yake alikuwa nyuma ya meza, na mbele yake watu saba walikuwa kwenye benchi wakisubiri barua za utambulisho.

"Zita? Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu, mama. Nataka kukwambia jambo."

"Huoni watu? Nenda nyumbani, tutazungumza."

"Nikienda nyumbani sitasema," Zita alijibu. Akaweka bahasha juu ya meza, kati ya muhuri na kidau cha wino.

Mama alikuwa mtu wa karatasi. Kazi yake kutwa ilikuwa kusoma barua za wengine, kuangalia tarehe, kugonga muhuri. Aliifungua hii kama anavyofungua zote, akasoma jina, akasoma tarehe, kisha akatulia. Alisoma tena. Wale watu kwenye benchi waliacha kunong'ona.

"Hii umeitoa wapi?"

"Alinipa muuguzi. Siku ile tulipotoka. Sikukupa kwa sababu ya mchujo. Nilijua utarudi hospitali na mimi nitabaki nyumbani. Kisha siku zikapita, nikaogopa."

Mama hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angemkaripia. Alikunja barua taratibu kwa mikunjo yake ileile, akamwomba mwenzake wa meza ya pili awahudumie waliobaki, akachukua mkoba wake. Njia nzima mpaka nyumbani Zita alitembea nyuma yake akihesabu mishono ya viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata walikuwa hospitalini. Mama alimwamuru Zita naye aje. "Utasikia kwa masikio yako," alisema.

Mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke kijana aliyevaa hijabu ya kijani, aliyeitwa Daktari Munira.

"Shikamoo, daktari," Zita alisalimia.

"Marahaba. Huyu ndiye mgonjwa wetu?" Alimkalisha Rafaeli kwenye kiti, akamtia kidude laini sikioni kilichounganishwa na mashine ndogo. Akapima la kulia, akapima la kushoto. Akarudia. Kisha akasoma barua, akaona tarehe, na uso wake ukabadilika.

"Mama, mlikuwa wapi wiki zote hizi?"

Mama alimgeukia Zita. Hakumjibia. Zita akalazimika kuirudia habari yote, mbele ya daktari, macho yakiwa chini. Daktari Munira alishusha pumzi ndefu kupitia puani, kama mtu anayejizuia. Kisha akafungua kabati, akatoa sikio la plastiki kubwa kama boga, linalofunguka vipande.

"Sogea hapa, uone umecheza na nini," alisema. "Sikio unaloshika ni la nje. Sauti inaingia na tundu hili, inagonga ngoma hii. Nyuma ya ngoma ndipo sikio la kati, lina vifupa vitatu vidogo vinavyopokezana mtikisiko. Mpaka hapo mdogo wako hana tatizo. Sasa tazama ndani."

Alitoa kipande cha mwisho. Kilikuwa kimejizungusha kama gamba la konokono.

"Hili ni sikio la ndani. Limefichwa ndani ya mfupa mgumu kuliko yote kichwani. Huyu konokono tunamwita koklea. Kwa ukubwa wake halisi anatosha kwenye punje ya njegere. Ni mfereji uliojaa majimaji, na ndani yake kuna vinyweleo maelfu visivyoonekana kwa macho. Sauti ikifika, majimaji yanacheza, vinyweleo vinapinda, na neva inapeleka habari kwenye ubongo. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuingia humu. Ikiingia, inaua vinyweleo. Na vikifa havioti tena."

"Hata kwa dawa?" mama aliuliza.

"Hata kwa dawa. Wala mafuta," daktari alisema, maana alikuwa ameshayaona masikioni. "Mafuta msimtie tena."

Zita alionyesha vipete vitatu vilivyosimama juu ya konokono. "Na hivi?"

"Hivyo ndivyo vinavyouambia mwili umesimama au umeinama. Navyo vimeunguzwa. Anaanguka anguka?"

"Kila siku," Zita alijibu. Alikumbuka mara zote alizomwambia Rafaeli atembee kama mtu, akaona aibu.

Mama aliuliza kama wanaweza kupata vile vifaa vya kukuza sauti wanavyovaa wazee. Daktari alitikisa kichwa. "Tukikuza sauti, nani ataipokea, ikiwa vinyweleo vimekufa? Kwa mtoto kama huyu kuna kifaa kingine, kinachopandikizwa kwa upasuaji. Ni uzi mwembamba wenye vituo vidogo vya umeme. Daktari anauingiza ndani ya mfereji wa konokono, unafuata mzunguko wake, na kila kituo kinaishtua neva mahali pake. Unafanya kazi ya vile vinyweleo. Lakini lazima mfereji uwe wazi."

Alimtazama Zita.

"Baada ya homa hii, mfereji huweza kuanza kujaa mfupa. Kwa wengine huchukua miezi. Kwa wengine, wiki chache tu. Ukishajaa, uzi hauna pa kupita, hata awe daktari bingwa namna gani. Ndiyo maana muuguzi aliandika siku kumi, akapiga mistari miwili."

Zita alitaka kulia lakini aliona hana haki. Daktari Munira alikuwa ameshashika simu. Alipiga Dar es Salaam, akaambiwa asubiri. Akapiga tena, simu ikakatika. Mara ya nne akampata aliyemtaka, na kwa nusu saa nzima walimsikia akitaja umri, akitaja tarehe, akisema, "Hapana, si mwezi ujao. Wiki hii." Baada ya hapo zikaja fomu za rufaa, na mtandao wa bima ukagoma, na karani wa dirishani akataka nakala ya kadi, na mashine ya kutoa nakala haikuwa na wino. Mama, aliyezoea kuwa upande wa pili wa dirisha, alisimama kwenye foleni kwa saa tatu na nusu bila kuketi. Zita alikimbia mjini kutoa nakala na kurudi. Hakuwahi kukimbia hivyo hata kwenye mchujo.

Baba alirudi kutoka Kasesya usiku ule ule bila kusubiri mzigo, na kabla wiki haijaisha yeye na mama wakapanda basi la Dar es Salaam na Rafaeli. Zita alibaki na bibi. Alipika, akachota maji, akaanika mahindi, hakunung'unika. Simu ilipolia siku ya tano, mkono wake ulikuwa umejaa unga.

"Wamempiga picha za ndani ya kichwa," baba alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Konokono wa kushoto amejaa mfupa. Huyo basi tena. Wa kulia mfupa umeanza mlangoni, lakini mbele bado kuna njia. Daktari anasema atautoboa ule wa mlangoni, kisha apitishe uzi. Kesho kutwa."

Upasuaji ulichukua saa nyingi, na uzi ulipita. Si wote, baba alieleza. Vituo vichache vya mwisho vilikataa kuingia, lakini vilivyoingia vinatosha. Bibi Fransiska alipiga magoti palepale jikoni kumshukuru Mungu.

Waliporudi Sumbawanga mwezi Julai, baada ya kifaa kuwashwa, nyuma ya sikio la kulia la Rafaeli kulikuwa na kidude kama kile cha wazee, kikiwa na waya mfupi na kisahani kilichonata kichwani kwa sumaku. Jamaa kutoka mtaa wa Chanji walikuja kushuhudia. Walimzunguka, kila mmoja akaita, "Rafaeli. Rafaeli." Mtoto akatazama midomo ikifunguka, akakunja uso, akaanza kulia. Kisha akakibandua kisahani na kukitupa kuelekea ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Mama alikidaka hewani.

"Sasa ndiyo nini?" bibi aliuliza. "Si walisema atasikia?"

Daktari Munira alikuwa amewaonya. Kinachofika kwenye ubongo wa Rafaeli sasa ni mlio mgeni, aliwaambia, kama redio iliyo nje kidogo ya stesheni. Ubongo lazima ufundishwe upya kwamba mlio huu ni mlango, huu ni jogoo, huu ni jina lako. Hakuna njia ya mkato. Alitoa orodha ya mazoezi ya kila siku, na alipouliza nani atayasimamia, Zita alinyoosha mkono kabla mama hajafungua mdomo.

Kazi ile ilimtoa jasho. Kila siku baada ya shule alikaa nyuma ya Rafaeli na kugonga kikombe, kisha kupiga makofi, kisha kusema "ba", kisha "shi", na kila Rafaeli aliposikia alitakiwa kutia punje ya mahindi kwenye bakuli. Alitia punje asiposikia, akala nyingine, akatupia kuku zilizobaki. Alivua kisahani mara kumi kwa saa. Betri ziliisha katikati ya zoezi. Wiki nne zilipita bila Zita kuona tofauti yoyote. Siku moja alienda kwa Daktari Munira akiwa amechoka kabisa.

"Nimekosa mimi, au kifaa kimekosa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekosa. Wewe ulisubiri wiki sita kutoa barua. Huwezi kumsubiri yeye miezi sita?"

Zita aliyameza maneno hayo. Kisha akauliza lililomkaa rohoni. "Kama ningetoa barua siku ile, na la kushoto lingepona?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Sijui, Zita. Hakuna anayejua. Inawezekana mfupa ungeanza hata hivyo. Inawezekana leo angekuwa anasikia pande zote mbili. Sitakudanganya ili ulale vizuri."

Mwezi wa Septemba Rafaeli alianza kugeuka mlango ulipogongwa. Mwezi wa Oktoba alicheka bibi alipopiga chafya. Kisha Jumamosi moja, jua likiwa kali na kila mtu akingoja mvua, Zita alikuwa anaosha vyombo na Rafaeli amempa mgongo, akichimba shimo kwa kijiti.

"Rafa, lete kikombe chako nikioshe," Zita alisema, bila kutarajia lolote, kama anavyosema kila siku.

"Sitaki," Rafaeli alijibu.

Hakuwa amegeuka. Hakuwa ameona mdomo wa mtu. Zita aliacha sufuria ikazama kwenye povu.

"Umesemaje?"

"Sitaki. Nachimba."

Mama alitoka ndani, kitana kikiwa kimeganda kwenye nywele zake. Bibi alisimama mlangoni. Baba, aliyekuwa chini ya lori na spana, alitoa kichwa. Kisha Zita akaanza kucheka na machozi yakaja pamoja na kicheko, akayafuta kwa mkono wenye povu, na macho yakamwasha.

"Mama, huyu sasa ana kichwa ngumu kweli," alisema.

Mama alikuja akaketi kwenye kigoda karibu naye. Tangu siku ile ya ofisini hakuwa amelizungumzia jambo lenyewe hata mara moja, na Zita alikuwa anajua kwamba siku ingefika.

"Nilikuwa nakusubiri utulie, na mimi nitulie," mama alisema. "Sisi wakubwa tulikosa. Tulimwita mtoto mkaidi kabla ya kujiuliza kama anasikia, tukamtia mafuta badala ya kumpeleka kwa mwenye kujua. Hilo ni letu. Lako ni jingine. Kutaka kukimbia mashindano si dhambi. Ungenipa barua jioni ile ukaniambia, 'Mama, nina mchujo', tungetafuta namna. Hata ungenipa siku ya kumi na moja ningekugombeza dakika tano, yakaisha. Ulichofanya ni kuogopa kugombezwa, na woga wako ukala siku za mwenzio."

"Ndiyo, mama."

"Lakini ulikuja ofisini mbele ya watu wote ukasema. Ungengoja hata mwezi mmoja zaidi, leo tusingekuwa tunamsikia anatukatalia kikombe. Kwa hiyo likamate hili mpaka utakapokuwa na watoto wako: ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ugonjwa ukiwa ndani ya mwili wa mtu hauketi kukungoja wewe upate ujasiri."

Zita aliitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akaenda kumchukulia Rafaeli kikombe mwenyewe.